Majibu Yako Mtungini

Jamhuri ya Sitara haimo kwenye ramani, na si kwa sababu ya udogo wake. Wachora ramani walifika, wakakaribishwa chai, wakaambiwa kwamba mipaka ya nchi ni siri ya taifa, na kwamba ruhusa ya kuichora wanayo, alimradi wasimwonyeshe mtu. Wakamaliza chai yao, wakaondoka. Kwa hiyo anayetaka kufika huko ajiendee tu, na akiona pazia limetundikwa hata mahali pasipo na dirisha, ajue amewasili na avue kofia.

Katika nchi hiyo aliishi mwanamke mmoja fundi wa kupiga pindo, mwajiriwa wa Kiwanda cha Mapazia cha Taifa, cherehani namba arobaini na moja. Jina lake Sikujua. Alilipata siku ya kuzaliwa: mama yake alikwenda zahanati kulalamikia tumbo kujaa gesi, akarudi na mtoto, na kila aliyemuuliza alimjibu neno hilohilo. Sikujua alikuwa mjane. Alikuwa na binti mmoja wa miaka minne, Zawena, na wawili hao walilala kitanda kimoja, chumba kimoja, chenye dirisha moja na mapazia matatu kwa mujibu wa sheria.

Cherehani namba arobaini ilikuwa ya Mbonea, bwana mmoja mrefu, mtani, aliyekuwa akimwambia Sikujua kwamba pindo zake zimenyooka kuliko maisha yake. Walikaa bega kwa bega miaka sita. Mwaka ule Mbonea akaanza kukohoa. Wiki ya kwanza alisema ni vumbi la pamba. Wiki ya pili alisema ni feni. Wiki ya tatu alisema ni jirani yake, mambo ya kiwanja. Wiki ya nne hakusema kitu, maana sauti ilikuwa imekwisha, na suruali alikuwa akiifunga kwa utepe wa pazia.

Uongozi haukukaa kimya, msije mkausingizia. Aliitwa mtaalamu kutoka nje, akazunguka kiwandani na leso puani, akashauri mambo matatu: madirisha yafunguliwe, wanaokohoa wapimwe, na mgonjwa asifukuzwe kazi wala asitengwe. Meneja Mwajiri, Bwana Fungameza, aliyaandika yote kwa wino mwekundu. Kesho yake likafunguliwa dirisha. Lilikuwa dirisha la malalamiko, pale karibu na geti, nalo lilikuwa na pazia. Madirisha ya kiwanda chenyewe yalibaki yamefunikwa na mapazia ya maonyesho, yaliyopigiliwa misumari ili wageni waone bidhaa.

Mbonea akafa siku ya Jumanne. Jumatano kiwanda kikamwandikia barua ya onyo kwa kutofika kazini bila taarifa. Kwa kuwa mwenyewe hakuweza kuja kuipokea, Bwana Fungameza aliisoma makaburini, kwa sauti ya huzuni kabisa, kisha akailaza juu ya udongo na kuiwekea jiwe isipeperuke. Watu walimshukuru. Ni meneja gani mwingine angejisumbua kufika mwenyewe? Sikujua akarudi nyumbani, akavua viatu mlangoni, akakohoa.

*

Baada ya wafanyakazi wengine wanne kumfuata Mbonea, kila mmoja na barua yake, Serikali ikasema sasa basi. Akaja Waziri wa Afya, Mapazia na Mambo Yasiyosemwa kuzindua Sera ya Kiwanda Salama Dhidi ya Kifua Kikuu na Virusi vya Ukimwi. Yalijengwa majukwaa mawili, moja la Waziri na moja la kivuli chake.

"Ndugu wafanyakazi," akasema Waziri, "Serikali yenu sikivu imekisikia kikohozi chenu. Imekisikia mpaka vikaoni, mpaka ikabidi vikao vihamishwe. Kuanzia leo mtapimwa, mtatibiwa, na hakuna atakayejua. Narudia kwa faida ya waliokaa nyuma: hakuna atakayejua. Kwani wahenga walisema, siri ya mtungi aijuaye kata."

Makofi yakapigwa, na kwenye jukwaa la pili kivuli kikainama.

Sasa, kila mtu wa Sitara anaijua methali hiyo tangu ananyonya, na kata yenyewe anaijua: kile kifuu cha nazi chenye mpini mrefu, cha kuchotea maji mtungini. Ila karani aliyekabidhiwa kazi ya kuandika kanuni alikuwa msomi aliyekulia nyumba ya bomba. Mtungi alikuwa ameuona kwenye kalenda. Kata aliyoifahamu yeye ilikuwa ile ya Serikali za Mitaa, yenye ofisi, bendera na Mtendaji. Akaandika kama alivyosikia: *Kanuni ya Saba. Majibu yote ya vipimo yatahifadhiwa mtungini. Ayajuaye ni Kata.* Waziri akatia saini bila kusoma, kwani kusoma kanuni za usiri ni kuvunja usiri.

Bi. Kidawa, mpishi wa kantini, alipoisoma ubaoni alicheka mpaka akakaa chini. "Jamani, mbona kata ni hii hapa," akasema, akainyanyua ile aliyokuwa akichotea maji ya chai. Akaitwa mbele ya kamati na kusomewa shitaka la kufananisha Serikali za Mitaa na kifuu. Aliomba radhi kwa maandishi mara tatu, akarudi jikoni, akaendelea kuchota maji kwa Serikali za Mitaa.

Mitungi ikaagizwa, mmoja kwa kila ofisi ya kata. Shirika la Viwango likakumbusha kwamba mtungi mkavu si mtungi kamili, kwa hiyo kila Ijumaa mkaguzi alipita na fimbo yenye alama, akapima, akaandika "umejaa", akaenda zake. Sitara ni nchi ya taratibu.

*

Siku ya kupima kulikuwa na ngoma, maji ya chupa na fulana za bure. Kifuani fulana ziliandikwa: NIMEPIMA. USINIULIZE, HATA MIMI SIJUI. Wafanyakazi mia saba na ishirini walipanga foleni. Sikujua akatolewa tone la damu kidoleni, akapewa kikopo, akaenda nyuma ya pazia kutoa makohozi. Aliporudi alingoja kwenye benchi mpaka alipoitwa na muuguzi, Dada Dafrosa, aliyekuwa na bahasha iliyofungwa mkononi.

"Ndiyo majibu yangu hayo, dada?" Sikujua akauliza.

"Ndiyo majibu. Si yako."

"Si yangu vipi, na makohozi ni yangu?"

"Makohozi ni yako," Dafrosa akasema, "majibu ni ya Kata."

Nyuma ya Dafrosa alikaa Afisa Usiri, mtu mnene mwenye miwani, ambaye kazi yake ilikuwa kutazama nyuso za wauguzi zisije zikasema kitu. Dafrosa aliitazama meza. Akauliza kwa sauti ya kujaza fomu, "Una mtoto?"

"Ninaye mmoja. Nalala naye."

Dafrosa akaigeuza bahasha mkononi. Kisha akasema polepole, bila kuinua macho, "Mpende sana. Ila ukimlaza, mpende umegeukia ukutani."

Afisa Usiri akaandika jambo. Kesho yake Dafrosa alihamishiwa mkoa wa mpakani, kuhesabu mitungi, na bahasha ya Sikujua ikaenda zake ofisi ya kata pamoja na zile nyingine.

Tangu siku hiyo Sikujua akalala amegeukia ukuta. Zawena hakuelewa. Alimpapasa mama yake mgongoni kwa vidole, akamuuliza kama amekasirika, akamuuliza kama mgongo una macho. Sikujua alimjibu kwamba mgongo una macho na unamwona vizuri, akauma shuka asikohoe. Iliniuma hata mimi niliposimuliwa, na mimi si mtu wa kulialia.

*

Dawa zikafika. Hapo lazima Serikali isifiwe, dawa zilifika kweli, kasha zima, za kuwatosha wagonjwa kumi na wawili kwa miezi sita. Wagonjwa wenyewe ni kina nani? Siri. Bwana Fungameza akaunda kamati. Kamati ikakaa siku nne ikiangalia kasha, mpaka mjumbe mmoja akakumbusha kwamba sera inakataza ubaguzi kazini, na kumpa huyu dawa ukamnyima yule, kama huo si ubaguzi, ubaguzi ni upi? Wote wakaona haya. Wakaamua dawa zigawanywe sawasawa kwa wafanyakazi wote, wazima na wasio wazima.

Kila mtu akapata dawa za siku tatu. Viongozi walipata za wiki nzima kwa ajili ya uzito wa majukumu. Waziri alirudi kumeza kidonge cha kwanza mbele ya kamera, akasema hakina uchungu wowote, na kwamba wanaolalamikia matibabu katika nchi hii wanatumwa.

Sikujua alimeza siku zake tatu. Siku ya nne, kwa kuwa kikohozi hakikuwa kimesoma sera, akagonga mlango wa Meneja Mwajiri.

"Shikamoo, bosi."

"Marahaba, Sikujua. Pindo zinakwendaje?"

"Zinakwenda. Bosi, naomba ruhusa nikapime tena hospitali."

"Si umepimwa wewe? Nimekuona na fulana."

"Nilipimwa. Sikupewa majibu."

Bwana Fungameza akafungua kitabu cha kanuni, akalamba kidole, akatafuta. "Kanuni ya Tisa. Anayepima mara mbili anataka kujua. Anayetaka kujua ni mdadisi. Mdadisi ataondolewa kazini." Akafunga kitabu. "Mimi sina neno na wewe, dada yangu. Wewe ni fundi wangu. Nitakachokusaidia, nitakuandikia kibali cha kukohoa nje, dakika tano asubuhi na dakika tano jioni. Usimwambie mtu."

Na kweli alimwandikia, kwa mhuri.

Sikujua akajaribu hospitali kwa siri, siku ya mapumziko. Pale mapokezi walimuuliza anafanya kazi wapi. Alipotaja kiwanda, kalamu ikawekwa chini. Mfanyakazi wa kiwanda hatibiwi bila cheti kutoka kwa Kata, na hapimwi upya, kwa maana kumpima upya ni kuchungulia mtungi wa mwenzio. Nenda kwa Kata, mama.

*

Mtendaji wa Kata aliitwa Bwana Shomvi. Ofisi yake ilikuwa chumba kimoja, na nusu ya chumba ilikuwa mtungi. Uliwekwa juu ya jukwaa la saruji, ukazungushiwa nondo, ukatiwa kufuli, ukafunikwa pazia la zambarau lililoshonwa na Sikujua mwenyewe. Mlango wa ofisi haukufungwa mchana, ili wananchi waliopanga foleni waone kwamba siri yao iko salama.

Sikujua akaamkia, akaeleza shida yake, akakohoa ndani ya kanga. Shomvi akasogeza kiti chake nyuma hatua moja.

"Mama, Kata inajua," akasema kwa upole. "Kata inajua kila kitu. Lakini kujua ni kazi ya Kata. Kazi yako wewe ni kushona."

"Sitaki uniambie, Mtendaji. Nitikisie kichwa tu. Ndiyo au siyo."

"Kichwa changu ni mali ya Serikali."

"Nina mtoto."

Shomvi akasogeza kiti tena, mpaka mgongo wa kiti ukagusa ukuta.

Sasa, foleni ina macho. Watu waliona kiti kimesogea mara mbili, na kabla ya adhuhuri kata nzima ilikuwa imeshatafsiri. Muuza kahawa akamtengea Sikujua kikombe chake peke yake, kimefungwa uzi mwekundu kwenye mkono. Bombani wanawake walimpisha, akawa anachota wa kwanza hata akichelewa. Zawena akaambiwa na wenzake kwamba kamba ya kuruka imekatika, kisha akawaona wanairuka. Mwenye nyumba alimwomba Sikujua, kwa heshima zote, aongeze pazia la nne.

Hawakuwa watu wabaya. Kila mmoja alipokutana naye alimwambia "pole", na alipouliza pole ya nini, walimjibu kwamba hiyo ni siri. Kata nzima ikawa inajua habari zake. Asiyejua akabaki mwenyewe.

*

Sikujua akakonda. Gauni la kazini alilipunguza ubavuni mara ya kwanza, mara ya pili, mara ya tatu akaona anapoteza uzi bure. Kufa kulikuwa hakumtishi tena kama mwanzo. Alikwisha kuona Mbonea alivyokufa, akajua njia yake. Kilichomkeketa maini ni Jumapili moja asubuhi, Zawena akiwa ameshika bakuli la uji, alipokohoa. Alikohoa kidogo, akafuta mdomo, akaendelea kunywa. Sikujua akajiambia ni uji umempalia. Siku kumi na nne baadaye uji ulikuwa bado unampalia, hata siku ambazo hakunywa.

Alimbeba hospitali. Mtoto hana kanuni, akajisemea, mtoto hafanyi kazi kiwandani, watampima. Mapokezi wakamwambia kwamba mtoto anayekohoa huulizwa kwanza anaishi na nani, na yule anayeishi naye ana nini. Alete cheti cha mama. Bila cheti cha mama, huyu mtoto naye ni siri.

Jumatatu Sikujua hakula mchana. Alikaa kantini na kikombe chake cha uzi mwekundu, alichokuja nacho, akaogopa waziwazi. Bi. Kidawa akaja akaketi karibu naye, bega kwa bega, jambo ambalo hakuna aliyelifanya tangu Mbonea.

"Unakwenda kwa Mtendaji kila wiki mikono mitupu," Bi. Kidawa akasema. "Hebu nisomee ile kanuni ubaoni. Mimi miwani yangu imevunjika."

"Ayajuaye ni Kata."

"Basi, mwanangu, nenda nayo."

Akaiondoa ile kata msumarini, akaifuta kwa kanga, akampa.

*

Kesho yake asubuhi foleni ilikuwa imefika barabarani. Sikujua aliingia amemshika Zawena mkono, na kata iko chini ya kanga. Shomvi akasogeza kiti. Sikujua hakuamkia siku hiyo. Akaiweka kata mezani, juu ya karatasi za Serikali.

"Kata imekuja kuangalia majibu yake," akasema.

Shomvi aliitazama kata. Akafungua kitabu cha kanuni, akaisoma Kanuni ya Saba kimoyomoyo, kisha kwa sauti, kisha kwa kidole. Jasho likamtoka. "Lakini hapa Kata imeandikwa kwa K kubwa," akasema.

"Na hii ni kubwa. Inachota lita nzima."

Nje watu wakacheka, na Shomvi akaogopa. Katika maisha yake yote alikuwa hajawahi kuvunja kanuni, na hapa kanuni ilikuwa mbele yake, ina mpini. Akimzuia, amekaidi maandishi ya Waziri. Akainuka, akavuta pazia la zambarau, akahangaika na kufuli mpaka likafunguka. Akapanda jukwaani, akaondoa mfuniko, akashuka upesi.

Sikujua alipanda, akaitumbukiza kata. Ilitoka na maji meupe, mazito. Akayatazama. Akachota tena, akachota mara ya tatu, kwa kina zaidi, na kutoka chini kabisa kata ikaja na donge laini la kijivu lenye michirizi ya wino wa bluu. Akalibonyeza kwa kidole. Bahasha mia saba na ishirini zilikuwa zimelowa tangu Ijumaa ya kwanza, zikaloana, zikashikana, zikawa uji. Humo ndani mlikuwa na mzima na mgonjwa, aliyekufa na aliye foleni, wamesongwa pamoja bila jina.

"Nini hiki, Mtendaji?"

"Ni majibu," Shomvi akasema.

"Na wewe ulikuwa unajua."

Shomvi akafunga kitabu cha kanuni.

"Ulikuwa unajua. Ulinisogezea kiti."

"Mama," akasema Shomvi, na sauti yake ilikuwa ndogo kweli, "mimi humsogezea kiti kila mtu. Niliona nikisogeza kwa wote sitakosea."

Watu wa foleni wakasikia. Wakatazamana, na mmoja mmoja wakaanza kukumbuka vikombe vyao vyenye uzi, kila mtu na chake, kwenye genge la mtu mwingine.

Wizara ilikuja kutoa taarifa baadaye, ikawapongeza wananchi, kwa kuwa Sitara imekuwa nchi ambayo siri zake hazikuvuja, ziliyeyuka. Ikaletwa pia fomu ya uchunguzi. Penye swali "Nani alifungua mtungi?" Shomvi aliandika jina la yule mama, Wizara ikalisoma kama jibu, ikaridhika, jalada likafungwa. Cherehani namba arobaini na moja sasa inaendeshwa na mtu mwingine, naye ana kibali chake cha dakika tano.

Lakini hayo ni ya baadaye. Asubuhi ile Sikujua alishuka jukwaani na kata mkononi, inachuruzika. Akachuchumaa mbele ya mwanawe na kumpa uso, uso kwa uso, kwa mara ya kwanza tangu siku ya kupima, maana mgongo ulikuwa umesaidia nini. Zawena akafurahi. Akamshika mama yake mashavu kwa mikono miwili, akacheka, na kile kicheko kikageuka kikohozi, kirefu, kisichokwisha.

Bwana Shomvi akasogeza kiti nyuma. Kilikuwa kimeshafika ukutani, naye akaendelea kukisukuma.